Nusu Mstari kwa Baiskeli

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Zadock Oloo alimwona Kaloki kwenye mteremko wa Kangemi, akiisukuma kwa mkono baiskeli nyeusi iliyong'aa kama kiatu cha diwani. Mlima alikuwa ameupanda akikanyaga pedali mpaka jasho likamtoka. Mteremko ulipoanza, akashuka na kusukuma.

"Bahili huyu," Zadock alijisemea. "Anazionea tairi huruma."

Zadock alikuwa amechoka kutembea. Mahubiri yake ya barabarani yalikuwa yamekula soli za viatu kutoka Ngara mpaka Kawangware, na baiskeli ile aliitamani kwa moyo wake wote, moyo ambao kwa kawaida hakuutumia sana.

"Bwana asifiwe, mzee! Nasikia unafungua hoteli."

"Amina. Jumamosi, Mungu akipenda."

"Na andiko liko wapi? Bila andiko mlangoni, watu watajuaje chai yako imeokoka?"

Kaloki, ambaye maziwa yake yalibatizwa kwa maji mengi kila asubuhi, alisimama. "Nipe moja yenye inaita watu."

Zadock akafunua Biblia, akafumba macho kwa heshima. "Mathayo nne, tisa. 'Haya yote nitakupa.'"

"Yote?"

"Andiko halisemi nusu, mzee."

Hapo hakudanganya. Aliyesema nusu ni yeye.

"Neno haliuzwi," aliendelea kwa upole, "lakini mtumishi anatembea kwa miguu."

"Mkono mtupu haulambwi," Kaloki akakubali. "Lete ubao, chukua baiskeli."

Alikubali upesi mno. Mtu mwingine angeshtuka, lakini tamaa haina masikio. Zadock alimwachia fundi wa rangi wa River Road koti lake la pekee, akarudi na ubao wa herufi nyekundu.

Jumamosi waumini wakajaa hotelini, ubao ukatundikwa, Zadock akashika usukani wa baiskeli yake. Ndipo Nzula, mke wa Kaloki, mwanamke asiyeonja andazi kabla ya kuuliza limekaangwa lini, alipofungua Biblia.

"Baba Muli, hii maneno ilisemwa na nani?"

"Si Mungu?"

"Ngoja nianzie juu. 'Kisha Ibilisi akamchukua mpaka mlima mrefu mno...'"

Wazee wa kanisa wakapaliwa na chai. Zadock hakungoja Ibilisi ateremke. Aliruka juu ya baiskeli, akashika mteremko huku akicheka.

"Mwizi!" Nzula alipiga kelele. "Baba Muli, mkimbize!"

Kaloki akanywa funda moja. "Wacha aende. Huko ni chini."

Walimkuta bondeni, amepiga magoti kwenye matope ya mto, viganja mbele, kama mtu anayesali kwa mara ya kwanza maishani. Baiskeli ilikuwa imelala kando, nzima.

"Mzee," alilia, "hii kitu haina breki!"

"Haina tangu mwaka jana. Uliniona nikisukuma, hukuuliza kwa nini." Kaloki akamgeukia mkewe. "Mama Muli, maliza ile mstari."

"'...ukianguka kunisujudia.'"

"Basi ameanguka," Kaloki alisema, akiinua baiskeli yake na kuipangusa. "Lakini mwenye alisema atampa ni Ibilisi, si mimi."

Ubao aliugeuza, na upande wa nyuma akaandika CHAI. Zadock alirudi Ngara kwa miguu, bila koti, katika manyunyu ya Julai, na njia nzima hakumhubiria mtu.