Kiti cha Pili katika Utafiti wa Upweke

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao hiki. Mheshimiwa Makamu wake, uliyeketi kwenye kiti cha Mwenyekiti kwa kuwa Mwenyekiti hakuja. Wakuu wa vitengo, wakuu wa vitengo vidogo vilivyomo ndani ya vitengo, pamoja na wote wanaokaimu nafasi hizo. Ndugu kinyozi, uliyetuazima kipaza sauti. Wajane, wagane na wafiwa wengine wote. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau, basi ajihesabu ametajwa. (Makofi. Kipaza sauti kinapiga yowe, kinyozi anainuka kukitengeneza.)

Nasimama mbele yenu kama Mkurugenzi wa Idara ya Utafiti wa Jamii na Mambo Yanayofanana na Hayo, nikiwa na furaha isiyo kifani kuwasilisha matokeo ya utafiti kuhusu upweke wa waliofiwa na wenzi wao hapa mitaani kwetu, utafiti ambao niliutangaza mwenyewe mwaka jana nikiwa nimesimama papa hapa, nikaahidi kwamba mtafiti atabisha hodi kwa kila mfiwa, ataketi, atauliza na atasikiliza, na kwamba upweke ukithibitika kisayansi, idara itamtuma mtu kila wiki akaketi na mfiwa walau kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. (Minong'ono. Mama mshonaji, mjane wa fundi saa, ananyoosha mkono.)

Mkono nimeuona, mama, ushushe upumzike; sayansi ina utaratibu wake.

Ndugu zangu, utafiti si kuulizana habari kama majirani. Utafiti huanza na nadharia, na nadharia iliyotuongoza inasema kwamba jamii ni kama mwili, kila kiungo na kazi yake, na kiungo kimoja kikiondoka vilivyobaki hujipanga upya hadi pengo lisionekane, fremuweki ambayo ilitusaidia mno, kwa sababu tuliyajua matokeo mapema na hivyo tukaokoa muda. (Makofi kutoka safu ya wakuu wa vitengo.)

Ugumu ulikuja kwenye kupima. Upweke hauna urefu wala uzito, huwezi kuuweka kwenye mizani ya duka. Kamati ya Metodolojia ilijifungia ndani, ikakuna kichwa, na hatimaye, nasema bila kujisifu ingawa aliyegundua ni mimi, tukapata kiashiria: viti. Mtu mpweke huweka kiti kimoja nje ya mlango wake jioni, na mwenye mwenza huweka viwili. Kiti hakilii, hakibadilishi maelezo, wala hakikuombi umsalimie mkubwa wako ofisini.

(Mama mshonaji anasimama: "Mheshimiwa, mbona mimi nimeweka viti viwili tangu siku ile uliyotangaza? Kimoja changu, kimoja cha huyo mtafiti. Mvua ikinyesha naviingiza, ikikatika navitoa.")

Viwili! Mmesikia kwa masikio yenu? Viti viwili, watu wawili. Mama, nakupongeza, wewe si mpweke. (Makofi kutoka safu ileile.)

("Baba, mwenzangu yuko kaburini!" anasema mama. "Nani alikuja kuniuliza?" Kinyozi anadakia: "Mjibu, mkubwa! Usituzungushe kama feni!")

Pole sana kwa msiba, mama, ila naomba usilichukulie moyoni. Sayansi haimtazami mtu mmojammoja. Habari za marehemu ni kumbukumbu, nazo kumbukumbu si data.

("Nilitaka nimweleze huyo mtafiti mluzi wake tu," anasema mama, sauti imeshuka. "Akitengeneza saa alikuwa anapiga mluzi. Saa ikigoma, ananyamaza. Ikianza kutembea, mluzi unarudi, nami huko jikoni najua imepona. Sasa nyumba nzima imenyamaza, na hakuna aliyewahi kuniuliza kuna nini.")

Mluzi, mama, haumo kwenye vigezo.

Tuendelee. Kuhusu kuaminika kwa utafiti wetu, dodoso lilijibiwa asubuhi, likajibiwa tena mchana, na majibu yakalingana kila swali, jambo ambalo wataalamu huliota tu usingizini. Asilimia tisini na saba nukta nne ya waliojibu walisema hawana upweke wowote, na waliobaki walikuwa wametoka kwenda kula. Kwa hiyo natamka rasmi kwamba upweke katika mitaa hii haupo, na mpango wa kuwatembelea wafiwa, kwa kuwa umefanikiwa kabla ya kuanza, umefungwa. (Makofi machache. Mama anaketi, anajipangusa uso kwa kiganja.)

Nikisema "Upweke!" mniitikie "Umekwisha!" Upweke! (Wakuu wa vitengo: "Umekwisha!" Wengine wanatazamana.) Nadharia! (Mmoja tu: "Umekwisha!")

Na sasa shukrani. Namshukuru dereva wetu, ambaye yuko tayari kuwafikisha watafiti mitaani siku yoyote gari litakapopatikana; nawashukuru watafiti wenyewe, ambao wataajiriwa; nawashukuru wajumbe wa kamati kwa kujibu dodoso kwa niaba ya wajane na wagane wote, huku wengi wao wake na waume zao wako salama nyumbani; na nakishukuru chumba chetu cha mikutano, ambacho viti vyake, tulipovihesabu pale tulipokaa, vilikuwa vingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kukalia.

(Kinyozi anageuza kiti chake kumwelekea mama mshonaji. "Dada, hicho kiti cha pili usikiondoe. Nikifunga duka leo nakuja kukikalia. Hebu, huo mluzi ulikuwaje?" Mama anatazama chini. Anakunja midomo, pumzi inatoka peke yake. Anajaribu tena. Mluzi unatoka, mwembamba, unapanda, unakatika katikati, halafu unarudi.)

Nashukuru, nashukuru sana kwa mluzi huo wa kunishangilia. Karani, uandike.