Mama Kezia Hafi

Jumatatu, 2 Juni 2025
Niwie radhi, shajara. Tangu Februari sijakufungua. Nilikuwa na kazi, sikuwa na la kulalamikia. Sasa ninalo. Wanamuua Mama Kezia! Miaka tisa nimemwigiza kwenye runinga. Tuzo zangu mbili za mwigizaji bora nilizipata kwa ajili yake. Leo Abdiwali, mwandishi wa tamthilia yetu, ananieleza kwa upole kwamba mazishi ni Alhamisi. Eti watazamaji wamemchoka. Watazamaji gani? Hapa Pumwani kila mtu huniita Mama Kezia. Jina langu, Selpher, hata kanisani wamelisahau. Akifa yeye, mimi nitakuwa nani?

Jumanne, 3 Juni
Nimepata dawa. Hawamziki bila mimi kulala jenezani. Nimempigia simu mwelekezi, Mohamednur. Nikamwambia kwamba kwetu mtu hai akilala jenezani huita msiba, na lazima mzee wa ukoo amtakase kwa kondoo mweupe. (Kondoo nimemwongeza mwenyewe.) Akasema, “Sawa, mama. Mila ni mila.” Ushindi!

Jumatano, 4 Juni
Jecinta, anayeigiza mke wa mwanangu, amekuja kunipa pole. Pole ya nini? Nikamjulisha kwamba mazishi hayapo. Akanywa chai yangu vikombe viwili, akaazima leso yangu nyeusi. Sikumwuliza ya nini. Kosa.

Alhamisi, 5 Juni
Nilikwenda kuwaona wakishindwa. Jeneza lilikuwa limefungwa! Ndani wametia mchanga ili wabebaji waonekane wameelemewa. Juu yake, picha yangu ya usiku wa tuzo. Jecinta akaliangukia, akiwa na leso yangu: “Mama, umeniachia nani!” Wapiga picha wakafuta machozi. Nami nikalia. Mohamednur akaja akaniomba, kwa heshima zote, nisogee kando kidogo, kwani marehemu alikuwa akionekana kwenye kamera.

Baadaye Abdiwali alinionyesha alichokuwa ameniandikia. Kurasa nne! Mama Kezia, akiwa jenezani, anawaaga waombolezaji mmoja mmoja, wala hawamsikii. Sijawahi kupewa maneno mazuri kama yale. Aliyaondoa Jumanne, kwa kuheshimu mila zangu.

Jumatano, 18 Juni
Kipindi kilirushwa jana. Asubuhi nilikwenda kwa Mumina kununua mboga. Akasema alinililia mpaka ugali ukaungua. Kijana mmoja akadakia, “Mathe, si ulidedi, tukakuzika?” Wakacheka wote, nami nikacheka. Kisha Mumina akanifungia sukuma wiki na kusema, “Haya, mama, kwaheri.” Mama tu. Nimerudi nyumbani nikalala na viatu.

Ijumaa, 20 Juni
Mohamednur amepiga simu. Ana filamu mpya. Mama muuza samaki, anatokea katika matukio matatu tu, lakini ana jina lake na yuko hai mpaka mwisho. Akasema alimwandika akinifikiria mimi. Anataka jibu Jumatatu.

Nimemwambia anipe muda. Sikumwambia sababu. Jana nilimpelekea Abdiwali kurasa kumi na mbili nilizoandika kwa mkono wangu: kumbe Mama Kezia alikuwa na pacha! Anafika kutoka kijijini, na kwa mila za kwao ni mwiko mke wa mwana wa marehemu kuonekana naye kwenye picha moja. Jecinta atakwenda wapi?

Abdiwali hajajibu. Anasoma kwa makini, bila shaka. Nikishaamua kuhusu huyo muuza samaki, nitakuandikia.