Chumvi ya Rangi ya Chai

Jumatatu, 5 Machi 1979
Mwuguzi Waceke wa zahanati amepita maduka yote ya hapa Kawangware 46, Nairobi. Anasema siku hizi chumvi lazima itiwe ayodini, dawa ya kuzuia shingo kuvimba. Amegonga magunia yangu matatu ya chumvi ya mawe kwa kalamu. Hiyo haina dawa, akasema, nisiiuze. Nikamwambia nimesikia. Kusikia si kukubali.
Ng'ambo ya barabara, mshindani wangu Ndeti amepanga pakiti mpya za chumvi dirishani kama vikombe vya ushindi wa mpira. Amenipungia mkono. Sikumpungia.

Jumanne, 6 Machi
Jibu limekuja nikinyoa ndevu. Nimejikata kidevu, mke wangu Nafuna akaniletea chupa ya ayodini, ile ya kahawia ya kupaka vidonda. Kumbe dawa yenyewe iko nyumbani. Nimenunua chupa kumi na mbili. Muuza dawa akauliza kama kumetokea ajali. Nikasema bado.
Nimechanganya gunia moja kwenye karai. Chumvi imepata rangi ya chai ya maziwa na harufu ya hospitali. Harufu ndiyo ushahidi, nimemweleza Nafuna. Amesema kwake haiingii sufuriani. Hana imani na biashara.

Jumatano, 7 Machi
Nimetundika kibao: CHUMVI YENYE DAWA UNAYOIONA. Ya Ndeti ni nyeupe, nani ajuaye kama dawa imo? Kufikia saa sita, nusu gunia limekwisha.
Kavetsa mshonaji amekuja. Ana mimba ya miezi mitano, na shingo imeanza kuvimba kama ya mama yake kule Maragoli. Waceke amemwonya kwamba bila dawa hiyo mtoto anaweza kuzaliwa amedumaa akili. Akaniuliza, "Baba Simiyu, hii ni ile ya zahanati kweli?"
Nikamwambia ni ile ile, tena kali zaidi. Akanishukuru sana. Nikamwongezea kijiko kimoja bure. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 10 Machi
Chakula cha ubatizo kanisani. Akina mama wamechemsha viazi, vikapoa, wakavinyunyizia chumvi yangu. Viazi vikawa bluu. Halafu vikawa vyeusi, kimoja kikiwa kwenye uma wa Mchungaji Shiundu. Mama mmoja akaanza kukemea pepo ndani ya sufuria.
Waceke, mgeni wa heshima, akanusa chumvi. Akasema ayodini ikigusa viazi hugeuka hivyo. "Hapa hakuna pepo. Kuna Lusweti." Vichwa vyote vikanigeukia.
Akaeleza kuwa kiwandani hutia kiasi kidogo mno, kwa vipimo. Dawa ya vidonda kwa wingi huu ni sumu. Ndeti, ambaye hata si wa kanisa letu, alikuwa amekaa safu ya pili.
Kavetsa alishika tumbo. Hakupaza sauti. "Baba Simiyu, uliniambia ni ile ile."
 Sasa najua kijiko kile cha bure kilikuwa cha nini.

Jumapili, 11 Machi
Sikwenda kanisani. Nimekwenda kwa Ndeti kununua pakiti ya chumvi. Akaifunga kwa gazeti polepole, akiuliza kama napenda dawa ya kuonekana au isiyoonekana.
Nimempelekea Kavetsa. Akaniambia yangu hakuipikia hata mara moja, harufu ilimshinda. Nikamwomba aseme tena. Akainusa hii kwanza, kisha akanisogezea kiti.
Mchana nimemwaga shimoni chumvi yote iliyobaki katika magunia matatu. Nafuna alisimama pale mpaka la mwisho.

Jumatatu, 12 Machi
Waceke amekuja kuhakikisha magunia hayapo. Ameridhika. Katika kuongea akasema akina mama wengi wa hapa wana upungufu wa damu, wanahitaji madini ya chuma, na kuna nchi ambazo huyatia kwenye unga wenyewe. Nikamwuliza kwa upole ni chuma cha aina gani. Akasema anachelewa, akaaga.
Haidhuru. Okello, fundi wa mageti, ana debe zima la vumbi la chuma chini ya msumeno wake, na kila jioni hulitupa. Nimemwomba asilitupe tena.