Damu Safi Mno

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka. Kipara, mwenzetu wa tanuri, amelipwa fidia ya vumbi la risasi, yale madini tunayoyeyusha kutengeneza betri. Sasa anapita getini na kofia mpya, hasalimii mtu. Na mimi je? Miaka tisa kiwanda kilekile! Nimemwona wakili. Akasema nikapime damu, na mama watoto pia, maana vumbi hufika mpaka nyumbani. Nikamwambia mke wangu anisindikize tu, mgonjwa ni mimi. Nimeanza mazoezi ya kukohoa.

Jumatano, 6 Machi
Koo limekauka kwa kukohoa. Foleni ya hospitali saa nne nzima. Mke wangu analalamika kichwa na tumbo. Nikamwomba asinifunike kwa maumivu yake mbele ya daktari. Daktari akatutoa damu wote wawili.

Jumatatu, 11 Machi
Majibu. Damu yangu safi. Safi! Daktari akauliza, kwa upole, kama kweli nafanya kazi kule. Iliyojaa risasi ni ya mke wangu. Anaanza dawa leo. Akaulizwa nani anakung'uta na kufua ovaroli. Yeye. Miaka tisa.

Humu naweza kusema. Kazi yangu ni kulala stoo, nyuma ya maboksi ya vifuniko. Jioni napita kwenye tanuri, naigaragaza ovaroli sakafuni, ili mke wangu aone nimehenyeka anionee huruma. Na alikuwa akinionea kweli. Naona aibu.

Jumanne, 12 Machi
Wakili anasema kesi ipo, nzuri, na ni ya mke wangu. Ila kiwanda kitadai kwamba mtu wa stoo hapati vumbi. Lazima niape mahakamani nieleze lilifikaje nyumbani. Nikasema nitafikiria. Mke wangu akanishika mkono, akasema: sema ukweli tu, baba watoto, umeteseka vya kutosha.

Alhamisi, 14 Machi
Kwa wakili sikwenda. Nimepata wazo! Mke wangu kakatazwa kugusa ovaroli, nami nikatangaza nitafua mwenyewe. Akatokwa machozi, akawapigia dada zake wote kuwasifia mume aliyempata. Nikajifungia bafuni na ile ya leo, imejaa vumbi hasa, nikaikung'uta pua karibu kabisa. Mwezi ujao napima tena. Damu ikichafuka, kesi ni yangu, na habari za kulala stoo hataniuliza mtu.

Nimefungua mlango, vumbi bado linaelea. Mke wangu alikuwa amesimama pale na taulo, akisubiri zamu yake ya kuoga. Nikampisha.