Miba 312 ya Duriani Langu

Jumatatu, 3 Februari

Matatu! Nimeyahesabu kuanzia kushoto, kisha kuanzia kulia. Maduriani matatu. Miaka kumi na tano ya kupalilia na kuchekwa, na leo mti wangu una matunda matatu, kila moja kubwa kuliko kichwa changu.

Tatizo moja dogo. Hayana miba. Laini kama papai.

Kokwa nililetewa Ulyankulu, wiki ya mwisho ya ukimbizi wetu Tanzania, na mwalimu mwenzangu aliyekuwa ametoka likizo Unguja. Nililisafirisha mpaka kwetu Rumonge, Burundi, ndani ya soksi iliyoloweshwa maji. Aliniambia mambo matatu kuhusu duriani: linanuka vibaya, linaliwa kwa raha, na lina miba ya kutisha. Mimi mwenyewe sijawahi kulionja. Hilo sijamwambia mtu hapa, na sitamwambia.

Jirani yangu Waziri, mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani, amelionja. Alikaa Unguja mwaka mmoja na amekuwa akisimulia mwaka huo kwa miaka ishirini. Chanja zake za kuanikia ndagala ziko nyuma ya uzio wetu, na kuanzia saa nane mchana kivuli cha mduriani wangu kinazifunika. Mwaka 2011 alinishtaki kwa bashingantahe, wazee wanaoamua kesi za mtaa. Mti wakati huo ulikuwa unanifika gotini, lakini Waziri ni mtu wa kuona mbali. Kwa hasira nikaapa mbele ya wazee: siku mti utakapozaa, tunda lisipokuwa duriani, nitaukata mimi mwenyewe, kwa panga langu.

Sasa umezaa.

Leo Waziri alichungulia juu ya uzio. Akatazama, akacheka mpaka kofia ikadondoka upande wangu. Akaita: "Hongera, Mwalimu! Umezaa shelisheli!" Nikamrudishia kofia. Nikaitupa mbali kidogo.

Saa kumi Mzee Zabroni, mkubwa wa bashingantahe, akatuma habari. Kikao Jumapili, saa tisa mchana, chini ya mti wenyewe. Shahidi ni yule aliyewahi kula duriani. Yaani Waziri. Mlalamikaji na shahidi mtu mmoja! Nilikwenda kupinga. Mzee akaniuliza kama namjua mwingine aliyelila. Nikasema nitafikiri.

Jumanne, 4 Februari

Mke wangu Agneta ameondoka alfajiri kwenda Kizuka kukamua mawese. Atarudi Ijumaa. Mlangoni akasema: "Baba Benita, usiguse kitu mpaka nirudi." Akaongeza kwamba Joanita, mtoto wa dada yake, ambaye ni agronomu, mtaalamu wa kilimo, Bujumbura, atakuja Ijumaa kuuangalia mti. Shahidi wa pili! Msomi! Nikamwambia sitagusa kitu.

Saa mbili nimekata duriani moja.

Nilikuwa na sababu. Hapa hatungoji chikichi zidondoke. Mkungu ukiwa tayari unaukata, unauvundika siku mbili tatu chini ya majani, tunda linaachia lenyewe. Duriani si mgeni wa kifalme. Nimelivundika kwenye majani ya michikichi na magunia mawili, nikaweka jiwe juu. Alhamisi litakuwa limeiva, nami nitalionja kabla ya wote, kwa siri, ili nijue ninatetea kitu gani.

Jumatano, 5 Februari

Nimeamka na jibu. Waziri anataka miba? Atapata miba.

Mlimau wa Agneta, ule wa nyuma ya jiko, una miba ya sentimita mbili mpaka tatu, myeusi nchani. Nimeing'oa yote kwa koleo. Yote, mpaka kwenye vijitawi vya juu. Saa nne mpaka saa saba na dakika kumi. Miba 312. Agneta alisema nisiguse kitu. Kwenye mlimau sikugusa kitu; koleo ndilo liliushika.

Halafu nikapanda ngazi mpaka kwenye duriani la tawi la chini. Kutoboa kwa msumari, tone la kole, gundi ya viatu, kuchomeka mwiba. Kutoboa, kole, mwiba. Lile la tatu liko juu mno, kwenye tawi linalopita uzio hadi upande wa Waziri. Nimeliacha. Duriani moja lenye miba linatosha kuokoa mti.

Nimemaliza saa kumi na moja. Nimechomwa mara arobaini na moja. Nikashuka, nikatazama juu. Linatisha! Ng'ombe angelikimbia.

Alhamisi, 6 Februari

Saa moja asubuhi nimefukua lile nililolivundika. Gumu kama kisiki. Nimelipasua kwa panga, mapigo sita. Ndani jeupe kama muhogo. Nikauma. Muhogo una ladha. Nikampa mbuzi. Mbuzi akanusa, akanitazama, akaenda kula kamba yake.

Basi, duriani halivundikwi. Nimeandika hapa ili nisisahau.

Saa tatu Waziri akaja uzioni. Nilikuwa nimejiweka chini ya mti na kikombe cha chai, nikijifanya nasoma. Akalitazama duriani juu mpaka chini. Akauliza: "Mwalimu, juzi hii ilikuwa na upara. Ndevu imetoa wapi?"

Nikamweleza kwa utulivu kwamba miba ya duriani huota siku za mwisho, kama meno. Nikashangaa kwamba mtu aliyeishi Unguja halijui jambo hilo. Akasema kule aliyakuta sokoni, yameshaota. Nikasema basi, umeona. Akaomba kuligusa. Sikuwa na njia ya kukataa. Akapanda ngazi, akagusa kwa kidole kimoja, akashuka, akashukuru, akaenda zake. Hakucheka.

Amenyamazishwa! Ushindi mnono.

Baadaye nikapanda kukagua. Miba 311.

Ijumaa, 7 Februari

Agneta amerudi saa nne na madumu matatu ya mawese. Joanita kafika saa tano na kamera, rula, na vifuko vya karatasi. Msichana mwenye heshima. Akanisalimu: amahoro, Baba mdogo, na mikono yote miwili.

Nikampeleka moja kwa moja kwenye duriani la chini. Akatazama. Akatoa simu yake, akatazama simu, akatazama duriani. Akaniuliza taratibu tunda lililo kwenye picha liko wapi.

Picha gani?

Kumbe wiki iliyopita Agneta alilipiga picha tunda na kumtumia. Laini! Joanita akasema ndiyo sababu amekuja. Duriani lenye miba ni la kawaida, lipo kila mahali linapopandwa. Lisilo na miba kwa asili yake ni nadra sana. Yeye amelisoma vitabuni tu. Angetaka vikonyo, vijitawi vichanga vya kuunganishia miche.

Nilikuwa na sekunde mbili za kuamua. Nikasema picha hudanganya, na kwamba hili lilikuwa na miba tangu likiwa ua.

Akapanda ngazi. Akainusa miba. Akasema: "Baba mdogo, hii inanuka kiatu kipya." Akashuka na mwiba mmoja umemganda kwenye kidole gumba. Akauweka ndani ya kifuko, akaandika tarehe. Agneta alikuwa amesimama mlangoni kwa jiko, mikono kiunoni, akitazama mlimau wake.

Chakula cha mchana nilijipakulia mwenyewe.

Lakini mimi sikati tamaa kwa jambo la ufundi. Nimepiga hesabu. Wazee wanataka miba. Joanita anataka laini. Mimi ninayo mawili: la chini lina miba, la juu ni laini. La chini nitawaonyesha wazee Jumapili, la juu nitamwonyesha Joanita. Kitu pekee cha kuangalia ni wasitazame juu kwa pamoja.

Jumamosi, 8 Februari

Maafa. Matundu 312 ya msumari yameanza kutoa maji. Saa mbili asubuhi siafu wa kwanza. Saa nne siafu wote wa Rumonge. Saa sita na nusu duriani la chini likaachia tawi na kuanguka, likapasuka kama andazi bovu. Ndani jeusi. Nimeokota miba 287.

Nikahamisha mpango. Miba 287 inatosha kabisa kwa la juu, nikiipanga mbalimbali. Ngazi ilikuwa fupi kwa mita mbili. Nikaisimamisha juu ya pipa la mawese. Pipa lilikuwa na mafuta kwa nje.

Bega la kushoto. Si kitu.

Agneta akaja, akachukua ngazi, akaifungia ndani, funguo akaziweka kifuani. Akasema kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ile ya juu: "Wewe baba, umekitunza hiki kijiti miaka kumi na tano, huwezi kukiacha siku moja?" Ameita mti wangu kijiti kwa hasira. Halafu akasema Benita, binti yetu, alizaliwa mwaka tulipoupanda mti, na kama panga litapita hapa kesho kwa sababu ya kole ya viatu, yeye Agneta nisimwite mezani tena. Akaingia ndani.

Sikuwa nimekumbuka hilo la Benita. Nilikaa kidogo kwenye pipa.

Jioni, upepo ukatoka ziwani na harufu ikaanza. Vitunguu, samli, na kitu kilichokufa kwa amani. Majirani wakatoka nje. Nikapaza sauti: hiyo ndiyo duriani! Waziri akajibu haraka kutoka upande wake kwamba ni ndagala zake. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne amekiri hadharani kwamba ndagala zake zinanuka! Nimeandika saa: kumi na moja na dakika ishirini.

Jumapili, 9 Februari

Kikao. Wazee wanne kwenye viti, Mzee Zabroni katikati na fimbo yake. Watu labda arobaini. Nikaanza na harufu. Mzee Zabroni akainua mkono. Amechemsha sabuni ya mawese miaka thelathini na tano, pua yake haisikii chochote. Hawezi kupokea ushahidi asioweza kuupima. Akauliza: "Tunda iko wapi?"

Nikaeleza kwamba lenye miba lilianguka jana kwa bahati mbaya.

Waziri akasimama. Kanzu nyeupe, imepigwa pasi. Akatoa karatasi mfukoni, akaifungua polepole kama mtu anayefungua dawa. Mwiba wangu, kole ikiwa bado chini yake. Akaupeleka kwa kila mzee. Akasema: "Wazee wangu, mimi nimekula duriani. Sijawahi kuliona linavaa viatu." Watu wakaanguka kwa kicheko. Akamwita Agneta kwa heshima zote, Mama Benita, aseme mwiba huu ni wa mti gani.

Agneta akautazama. Angeweza kusema hajui. Akasema: "Ni wa mlimau wangu. Anayo mingine 287 kwenye kopo."

Mzee Zabroni akaniuliza kama niliapa mwaka 2011. Niliapa. Akauliza kama panga liko hapa. Lilikuwa hapa. Akasema kusema uongo mbele ya bashingantahe ni kosa kubwa kuliko kivuli, na mtu aliyebandika miba anajua mwenyewe kwamba tunda lake si duriani. Nikalishika panga. Mkono ulikuwa mzito, na si kwa ajili ya bega. Benita alikuwa amekaa kwenye shina, hataki kutoka.

Nikamwomba asogee. Akakataa. Nikamwomba tena.

Juu yetu kitu kikasema: tak.

Duriani la tatu likaachia lenyewe. Likapita katikati ya majani, likatua juu ya chanja ya Waziri, ndagala zikaruka kama mvua, likadunda, likavuka uzio, likaparuza bega la Waziri, likaviringika na kusimama kwenye kiatu cha Mzee Zabroni. Likapasuka mistari mitano, taratibu, kama linajitambulisha.

Joanita akapiga kelele ya furaha. Akasema lingekuwa na miba, bega la Waziri lingekuwa hospitali sasa hivi.

Lakini watu hawakuwa wanamsikiliza. Walikuwa wanamtazama Waziri. Alikuwa amepiga magoti, kanzu kwenye vumbi. Amefungua ganda kwa vidole gumba viwili, pale pale kwenye mstari, kama mtu anayejua. Ndani, rangi ya manjano. Akala tonge moja. Macho yakafumba. La pili. Akasema, si kwetu, kwa nafsi yake: "Mwembe Tanga, Unguja, nyuma ya msikiti, mwezi wa Ramadhani." La tatu. Alipofumbua macho alikuta watu arobaini wamemzunguka, na alikuwa na kokwa mdomoni.

Mzee Zabroni akauliza: "Shahidi, unakula nini?"

Waziri akatema kokwa mkononi. Akalitazama. Mtu mkweli akishiba. Akasema: "Duriani, Mzee."

Fimbo ikagonga chini mara mbili. Mti unabaki. Mimi nimeamriwa kuomba radhi kwa wazee na kwa mlimau, na kila msimu Waziri atapewa duriani moja kwa ajili ya kivuli. Nilionja tonge la mwisho. Sitaeleza. Agneta alilia kidogo, akasema ni harufu.

Joanita amekata vikonyo kumi na viwili, akavifunga kwenye kitambaa kibichi. Akitoka akaniambia mmea uliopoteza miba yake ni kitu ambacho watu wa kazi yake wanakitafuta kila mahali, na nikiona mwingine nisisite kumpigia simu. Murakoze, asante, Baba mdogo.

Jumatatu, 10 Februari

Nimelala vizuri. Nimetafakari yote yaliyotokea wiki hii, na kosa langu nimeliona wazi: nilikuwa naongeza miba wakati watu wanataka isiwepo.

Saa moja asubuhi nimekwenda nyuma ya jiko. Nimeukagua mlimau wa Agneta kuanzia shinani mpaka kileleni. Hauna mwiba hata mmoja.

Vidonda vya koleo nimevipaka udongo. Saa mbili nampigia Joanita.