Vita vya Radi na Nyota Iliyoasi Studioni

Tulieni, enyi mliowahi kubofya na kungoja! Mwenye sufuria motoni na aipue, mwenye mtoto na ampakate, mwenye simu na aigeuze kifudifudi, kwa maana ninayoleta si habari ya kusikilizwa kwa sikio moja. Ninaleta habari ya vita vilivyopiganwa juu ya meza moja ya mbao, baina ya kijana mmoja na alama ndogo kuliko punje ya mtama. Vita ambavyo havikumwaga damu ila chai, tena nusu kikombe.

Shujaa wetu aliitwa Radi. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na majirani, kwa jinsi alivyokuwa akizipiga herufi za kibodi hadi vioo vya dirishani vikaitikia. Radi mkali wa vidole, Radi asiyesoma maelekezo, Radi mla karanga mbele ya skrini! Ngome yake ilikuwa studio ya picha ya shangazi yake: chumba kimoja chenye pazia la samawati ukutani, taa mbili zilizovaa miamvuli, kochi la wateja lililochanika mkono wa kushoto, na skrini kubwa ambapo wateja hukaa kuchagua picha zao huku wakisema wamenenepeshwa na kamera.

Na katika dola ile Shangazi alikuwa ameweka sheria moja isiyovunjwa: picha haifutwi.

"Picha ni mtu," husema Shangazi. "Wewe utamfuta mtu kwa sababu amefumba macho?"

Basi picha iliyoharibika, ya mtu anayetafuna au kidole kilichoziba lenzi, haikuuawa. Ilifungwa mkia. Iliyoitwa harusi-meza.jpg iliongezewa neno mwishoni, ikawa harusi-meza.jpg.taka, ikaendelea kuishi humo humo kati ya wenzake walio wazima, lakini kwa aibu. Siku ya kuonyesha, Shangazi aliandika maneno yaliyotosha tangu enzi: harusi*.jpg. Ile nyota katikati ilimaanisha "chochote kile." Programu ya zamani ilielewa, ikaleta kila picha inayoanza na harusi na kuishia na jpg, zenye mikia zikabaki nje zikichungulia.

Hayo yalikuwa mambo ya amani. Kisha kompyuta ya zamani ikakata roho, Radi akaleta mpya kwa mbwembwe, na ndani yake mkawa na programu mpya isiyomjua mtu.

Ikawa mchana wa siku hiyo, mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia bi harusi, aliyekuwa bado na hina mikononi, akihema.

"Kaka Radi, shikamoo ya haraka! Mama mkwe yuko nyuma yangu, anakuja kuchagua picha za albamu. Ile picha iko wapi?"

"Ipi, shemeji?"

"Usinifanye niitaje. Ile aliyolala. Kichwa nyuma, mdomo wazi, baba yangu anatoa hotuba!"

Shangazi akashika kiuno. "Iko na mkia wake. Haitatoka."

"Shangazi, akiiona atasema nimeitunza makusudi nimcheke. Mtaa mzima ameshautangazia kwamba waliosinzia ni upande wetu. Na mimi ndani ya nyumba ile ni mgeni, hata sijajua vijiko vinakaa wapi! Si uifute tu?"

"Hapa hatufuti," akasema Shangazi, na sauti yake ilikuwa ya malkia anayesoma katiba.

Ndipo Radi aliposimama, akazipukuta karanga mapajani, akanena: "Shemeji, futa machozi! Mimi niliyeyafunga mabomba ya virusi, mimi niliyeifufua printa iliyokwishaombolezwa, nitazichambua picha hizi kama mchele. Atakayepita na mkia wake, apite juu ya maiti yangu!"

"Punguza hotuba," akasema Shangazi. "Mama wa watu yuko njiani."

Radi akaandika kama ilivyoandikwa siku zote: harusi*.jpg. Akapiga. Skrini ikajibu: hakuna kilichopatikana.

"Umeziua zote!" akalia bi harusi.

Hakuziua. Lahaja ilikuwa imebadilika. Katika programu mpya nyota haikuwa tena mwakilishi wa chochote, ilikuwa imeasi, ikawa kasuku anayesema: "Rudia herufi iliyonitangulia upendavyo, au usiiseme kabisa." Hivyo mashine ilikuwa inazunguka ghalani ikiita harusi, harusii, harusiiii, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Na ile nukta, iliyokuwa nukta tu, mtu mnyenyekevu wa kukaa kabla ya jpg, sasa ilikuwa imepandishwa cheo na kusimama badala ya herufi yoyote moja.

Radi akalitambua hilo baada ya kufanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: alisoma maelekezo. Akacheka kicheko cha simba. "Kumbe! Nukta ni yeyote, nyota ni mrudie. Basi nikiziunganisha, nukta kisha nyota, ndiyo 'yeyote, arudiwe apendavyo.' Ndicho chochote chetu cha zamani, kimevaa nguo mpya!"

Akaibadilisha nyota, ikawa nukta-nyota. Kisha akakumbuka kwamba nukta ya kabla ya jpg lazima ivuliwe cheo, irudi kuwa nukta ya kawaida, na dawa yake ni kuwekewa mbele kimstari kinachoegemea nyuma. Naye, kwa ari ya ushindi, hakuchagua. Akapita na upanga wake akaziwekea vimstari nukta zote alizoziona, na hata ile aliyoileta yeye mwenyewe muda huo huo! Ole wa jemadari anayempiga askari wake! Mstari ukasomeka harusi\.*\.jpg, na mashine ikatoka kutafuta harusi zilizofuatwa na msururu wa nukta. Hakuna harusi ya namna hiyo duniani.

"Hakuna kilichopatikana," akasoma Shangazi kwa sauti, akipuliza chai. "Hongera, Radi. Hata mimi nisiyejua kitu ningeweza kukosa namna hiyo."

Kabla hajajibu, kivuli kilitanda mlangoni. Mama mkwe! Kilemba kirefu, mkoba kifuani kama ngao, jicho lililowahi kumnyamazisha mpishi wa watu mia.

"Hamjambo humu. Picha ziko tayari, au nimekuja kuangalia kochi?"

"Karibu, mama, karibu," Shangazi akamkalisha. "Zinapashwa moto kidogo."

"Picha siku hizi zinapashwa moto?"

Bi harusi akaenda kusimama mbele ya skrini kubwa, akaanza kuipangusa kwa mkono wa gauni, kutoka kona hadi kona.

"Binti, umeajiriwa hapa?"

"Vumbi, mama."

"Njoo ukae, mwanangu. Vumbi lina wenyewe."

Radi hakusikia. Jasho lilimtiririka kama mtu anayevuta mtumbwi kwa meno, na chai ya Shangazi aliyoigusa kwa kiwiko ilikuwa ikienda zake chini ya meza. Ndipo fikra ikamshukia: utaratibu! Anayekata kanzu hapimi baada ya kushona. Kwanza azivue vyeo nukta za zamani, na baada ya hapo ndipo ailete nukta mpya pamoja na nyota yake, ili isiguswe na mtu. Akafuta yote. Akaanza na nukta. Akamaliza na nyota. harusi.*\.jpg. Akapiga, na vioo vya dirishani vikaitikia.

Zikaja! Zikaja kama mto uliovunja kingo! Radi akainua mkono kuashiria ziende kwenye skrini kubwa, na Shangazi akashika rimoti.

Lakini jicho la shujaa likateleza hadi chini ya orodha. harusi-hotuba.jpg.taka. Mkia! Na juu, kabla-ya-harusi.jpg, ambamo bi harusi alikuwa na rola za nywele kichwani na uso uliopakwa dawa ya urembo ya kijani. Ndiyo, programu mpya haikuuliza jina linaanzia wapi wala linaishia wapi. Ikiona maneno yake popote katikati, inabeba mtu mzima na mizigo yake.

"Shangazi!" akanguruma. "Rimoti chini!"

"Unamfokea nani?"

"Samahani, Shangazi. Rimoti chini, tafadhali, nakuomba."

Mama mkwe akageuza shingo polepole. "Kuna nini ambacho mimi sitakiwi kukiona?"

Bi harusi akafumba macho. Naye Radi akakumbuka alama mbili alizoziruka aliposoma maelekezo kwa pupa. Mbele ya harusi akaweka kikofia chenye ncha, kinachosema: hapa ndipo mwanzo, hakuna aliyetangulia. Nyuma ya jpg akaweka alama ya dola, ambayo katika vita hivi hainunui kitu, bali husimama mlangoni na kusema: hapa ndipo mwisho, hakuna anayefuata. ^harusi.*\.jpg$. Akakishusha kidole kwenye kitufe kikubwa kuliko vyote, na huku akinong'ona ubeti alioutunga papo hapo:

Mkia nimeufunga,
Kichwa nacho nimechunga,
Taka zote nimetenga,
Piteni, picha salama!

Zikapita. Wazima tu. Radi akaishuka orodha kutoka juu hadi chini, akaipanda kutoka chini hadi juu, wala hakuona mkia hata mmoja.

"Hakuna kitu, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu aliyezaliwa mshindi. "Nilikuwa nanyoosha mstari."

Skrini kubwa ikawaka. Yakapita magauni, yakapita mashangilio, zikapita sahani na vicheko. Ikafika picha nyingine ya hotuba, isiyo na mkia: baba wa bi harusi kashika kipaza sauti, na mbele yake mama mkwe, wima, kilemba juu, macho mawili yamekodolewa kama taa za gari.

Mama mkwe akamgusa mkwewe begani. "Umeona? Hotuba yote ile ya baba yako, ndefu kama foleni, na mimi macho makavu. Sikupepesa."

"Nimeona, mama."

"Hiyo iwe ya kwanza kwenye albamu. Kubwa. Watu waache kusema."

"Iwe kubwa kabisa, mama," akasema bi harusi, akamshika mkono, na wote wawili wakacheka, ingawa hawakucheka kitu kimoja.

Basi waandike wanaoandika. Wapo walioteka miji na walioangusha kuta, nao wana masanamu yao njia panda. Radi aliweka alama ya dola mwishoni mwa mstari, akafuta chai sakafuni kwa amri ya shangazi yake, na nyumba moja ikala chakula cha jioni kwa amani.