Terminali ya Sebuleni

Jumatatu, 4 Machi

Imefika! Mtunza stoo wa ofisi ya maji amekubali tubadilishane: yeye achukue feni yetu ya sebuleni, mimi nichukue ile terminali ya herufi za kijani, skrini na kibodi yake, iliyokuwa imetupwa nyuma ya madumu ya klorini. Nzito kama gunia la mchele. Dada yangu, ninayeishi naye tangu nistaafu, amerudi sokoni, akajitupa kwenye kiti, akasubiri upepo. Kisha akauliza feni iko wapi. Nimejifanya kiziwi.

Haelewi. Kompyuta ya zamani ya Unix, waliyonipa siku ya kuniaga, iko chumbani kwangu na inaunguruma vizuri tu. Kilichokosekana ni terminali. Bi Karani, tuliyefanya naye kazi ofisi ya maji, alizoea kuandika kwenye terminali. Miaka yote ile yeye chumba cha mita, mimi chumba cha mitambo, ukuta katikati, na maneno yakipita kwenye waya. Umekula? Bado. Mvua inakuja, funga dirisha. Uso kwa uso sikuwahi kumwambia lolote la maana. Kwenye skrini nilikuwa mtu mwingine kabisa, hata utani nilikuwa nao.

Na Jumapili anahama! Anakwenda kuishi kwa binti yake, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mpango wangu: nimkalishe sebuleni kwenye terminali, mimi niingie chumbani kwenye kompyuta, nimwandikie kwamba nampenda na asiende. Kazi kwisha.

Jumanne, 5 Machi

Kimya. Nimeunganisha, nimewasha, kimya! Nimeshinda chini ya meza kifudifudi, dada akinifagilia vumbi la makusudi.

Hatimaye nimeona kosa. Kila mashine ina uzi wa kusemea na uzi wa kusikilizia. Mimi nimeunga wa kusemea na wa kusemea. Zote mbili zinasema, hakuna inayosikia. Dada kasema kumbe zimefanana na mwenyewe. Nimekata waya, nikapishanisha nyuzi, nikalehemu upya. Kidole gumba kimeungua. Sijali.

Jumatano, 6 Machi

Herufi! Nimebonyeza A, A ikatokea! Nimeandika jina langu lote, na la baba, na la babu. Nimecheza peke yangu sebuleni mpaka dada akauliza kama nimekunywa dawa za presha.

Nimempigia simu Bi Karani, nikamkaribisha kesho. Sababu sikumwambia. Ameniita Bwana Mitambo, kama zamani. Basi mimi hoi.

Jirani mwenye pikapu naye amejitolea kumbebea mizigo Jumapili. Mtu ambaye chaja ya simu tu inamshinda! Simhofii hata kidogo. Ila pikapu yake ameiosha.

Alhamisi, 7 Machi

Aibu tupu.

Alikuja na gauni la bluu. Akaketi, akaegemeza viganja, vidole vikaanza kazi vyenyewe. Nikakimbilia chumbani. Kompyuta haikupokea hata nukta. Nikapaza sauti aandike tena. Akajibu kwamba anaandika na herufi anaziona vizuri.

Kumbe! Swichi ya nyuma ilikuwa upande wa kujitegemea. Ukiandika, terminali inajionyesha yenyewe ulichoandika, haimpelekei mtu yeyote. Jana yote nimeshangilia mashine inayoongea peke yake! Bi Karani ndiye aliyeigundua, kwa kupapasa tu. Akacheka mpaka akajifuta machozi. Jamani, kicheko kile! Nilikuwa nakisikia kupitia ukutani zamani, nikawa naacha kazi nisikilize. Nimekitamani kuliko nilivyojua.

Alipogeuza swichi zikaja takataka, nyota na mabano, kwa sababu kasi za mashine kupeleka herufi hazikulingana. Akasema ana masanduku ya kufunga, atapita tena Jumamosi. Mlangoni akaniuliza taratibu kama nilikuwa na neno. Nikamwambia asubiri nirekebishe kasi.

Ijumaa, 8 Machi

Kasi sasa ni sawa kote. Nimeandika terminalini, nikakimbia chumbani: maneno yapo! Nimekimbia huku na huko hadi goti limegoma.

Dada kaja na habari kutoka dukani. Eti jirani kamwambia Bi Karani, mbele ya watu, kwamba atammisi sana na mtaa utapwaya. Kwa mdomo! Bila hata waya! Watu wengine hawana maandalizi kabisa. Nimeuliza yeye alijibu nini. Alishukuru na kutabasamu, kasema dada. Chakula kimenishinda.

Jumamosi, 9 Machi

Imefanya kazi. Naandika polepole ili nisikosee.

Yeye sebuleni, mimi chumbani, mlango nimeufunga. Skrini yangu ikaandika: UPO? Nikaandika: NIPO. Akaandika: KUNA NENO ULITAKA KUNIAMBIA?

Sentensi nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeitunga tangu Jumatatu. Nikaweka vidole, nikaandika: HERUFI ZINASOMEKA?

Alikawia. Kisha: ZINASOMEKA.

Nikaandika kwamba kasi ni 9600. Akaandika HONGERA, akajitoa kwenye mfumo kwa utaratibu wote, kama mwisho wa zamu. Nilipotoka alikuwa anafunga viatu. Nikamkaribisha chai. Akasema masanduku yanamsubiri.

Jumapili, 10 Machi

Ameondoka. Nilikwenda stendi. Jirani alikuwa anashusha masanduku, ametoa jasho, anasifiwa. Bi Karani alifungua dirisha la basi, akainama, uso wake karibu kabisa na wangu. Nikamwambia terminali nitaiacha imewashwa. Akanitazama, akasema asante.

Nyumba imekuwa kubwa mno. Nimekaa mbele ya skrini, kidoti cha kijani kinawaka na kuzima. Nimemkosa. Nimemkosa vibaya sana, na joto hili bila feni.

Jumamosi, 23 Machi

Nimelijua kosa! Waya ulikuwa mfupi. Umbali wa chumba na sebule haumpi mtu ujasiri. Kinachotakiwa ni modemu mbili, vile vifaa vya kupitisha maandishi kwenye laini ya simu, moja kwangu, moja kwa binti yake, na terminali imfuate huko huko. Mtunza stoo anazo. Anaitaka redio ya dada.

Nikiwa nafungua redio kutoka ukutani, simu ikaita. Bi Karani! Sauti yake sikioni kabisa, kama amekaa pembeni yangu. Akasema kwa binti ni kuzuri ila kuna upweke. Akasema anafikiria kurudi, kama kuna mtu wa kumrudisha. Akauliza mimi nasemaje.

Nikamwambia avumilie kidogo, hilo ni jambo la kuongea vizuri, nitamjibu modemu zikifika.